Profesa Kaoru Ishikawa na mwiba wa samaki: maisha ya mwalimu wa viwanda



Kazi inapoharibika katika nyumba zetu, katika vyama vyetu na hata katika makanisa yetu, swali la kwanza huwa moja: ni nani? Sabuni imetoka laini, ni nani aliyechanganya? Mikate imeungua, ni nani alikuwa kwenye tanuru? Jibu hupatikana haraka, mtu hukemewa au hufukuzwa, na juma linalofuata sabuni inatoka laini tena.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyetumia miaka yake karibu yote kuwafundisha watu kuuliza swali jingine: ni nini kimesababisha? Jina lake ni Kaoru Ishikawa, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Tokyo, nchini Japani. Alizaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 1989. Kazi yake ilikuwa udhibiti wa ubora na wa mwenendo wa kazi viwandani, yaani kuangalia kazi inavyotembea tangu mali ya kwanza inapoingia hadi kitu kinapotoka, ili kosa lizuiwe mapema badala ya kuokotwa mwishoni.

Hakuandika kwa ajili ya kanisa. Tena aliandika jambo moja zito juu ya imani yetu, na tutalijibu hapa chini. Kwanza tumfahamu.

Kuzaliwa, masomo na kazi ya kwanza

Ishikawa alizaliwa Tokyo tarehe 13 Julai 1915. Baba yake, Ichiro Ishikawa, alikuwa mtu mkubwa katika viwanda vya Japani. Baada ya vita vya pili vya dunia, mwaka 1948, baba huyo akawa rais wa kwanza wa Keidanren, shirikisho la mashirika ya uchumi ya nchi. Jambo hili litakuwa na maana mbele.

Kijana alisoma kemia ya viwanda na kumaliza masomo yake ya chuo kikuu mwaka 1937. Kuanzia 1939 hadi 1941 alikuwa afisa wa ufundi katika jeshi la majini. Baadaye aliingia kampuni iliyotengeneza mafuta ya injini, akakaa huko hadi 1947. Kwa hiyo, kabla ya kusimama mbele ya wanafunzi, alikuwa amekwisha kusimama karibu miaka minane kati ya mitambo na wafanyakazi. Tunalitaja hili kwa sababu wako walimu wengi wanaofundisha kazi ambayo mikono yao haijaigusa.

Mwaka 1947 alirudi Chuo Kikuu cha Tokyo kama mwalimu. Katika majaribio yake ya kemia alipata shida moja: vipimo havikukubaliana. Alifanya jambo lile lile, kwa vyombo vile vile, na majibu yakatoka tofauti. Akaona kwamba hawezi kuendelea bila kujifunza takwimu, ile elimu ya kuhesabu na kusoma tofauti za vipimo. Alikwenda kutafuta maandishi katika Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani, unaojulikana kwa kifupi kama JUSE, ulioanzishwa mwaka 1946. Huko aliambiwa kwamba akitaka kuyasoma, ajiunge na kikundi chao na kusaidia kufundisha. Akakubali. Alikwenda kuazima vitabu, akapata wito wa maisha yake.

Japani baada ya vita

Siku hizi mtu wa Bukavu, Goma au Uvira akisikia gari la Japani, anawaza gari linalovumilia barabara zetu. Lakini kabla ya vita, na miaka ya kwanza baada ya vita, vitu vya Japani vilijulikana duniani kuwa vya bei rahisi na vya kuharibika haraka. Nchi ilikuwa imeshindwa vitani, miji imeungua, na haina mafuta wala madini mengi ya kuuza. Ilibidi iishi kwa kutengeneza vitu ambavyo watu wa mbali wangekubali kununua.

Mbegu ya mabadiliko ilitoka Marekani. Mwaka 1924, mtaalamu aitwaye Walter Shewhart, aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell, alibuni grafu ya udhibiti, chombo cha kuonyesha kama kazi iko katika hali yake ya kawaida au imetoka nje ya njia. Mwaka 1950, Mmarekani mwingine, W. Edwards Deming, aliitwa na JUSE kuja Japani kufundisha takwimu kwa wahandisi. Deming aliona kwamba wahandisi peke yao hawatoshi. Wakubwa wa makampuni wasipoelewa, mafundisho yatakufa. Hapo ndipo Ichiro Ishikawa, baba wa profesa wetu, alipowaita wakubwa hao wamsikilize. Deming hakuchukua malipo ya maandishi ya masomo yake, na fedha hizo zilisaidia kuanzisha Tuzo ya Deming mwaka 1951. Kaoru Ishikawa alipata tuzo hiyo mwaka 1952.

Mwaka 1954 alikuja Joseph Juran, naye kutoka Marekani, akafundisha zaidi upande wa uongozi. Ishikawa aliwapokea walimu hawa kwa heshima, lakini hakubaki kuwa mkalimani wao. Aliwauliza Wajapani: je, mambo haya yatafanywaje na mfanyakazi wa kawaida, ambaye hakusoma hesabu za chuo kikuu? Swali hilo ndilo lililomfanya kuwa Ishikawa.

Grafu ya udhibiti inavyofanya kazi

Tuchukue mfano wa akina mama wanaotengeneza sabuni ya mawese. Wanataka kila kipande kiwe na gramu 400. Kila siku wanachukua vipande vitano, wanavipima kwa mizani, na kuandika wastani wake. Wanafanya hivyo siku 25.

Wataona kwamba hesabu hazilingani. Leo 398, kesho 403, kesho kutwa 396. Hakuna aliyekosa. Kila kazi ya mikono ya mwanadamu ina kutikisika kwake. Kutokana na vipimo hivyo vyenyewe, unahesabu mstari wa katikati na mistari miwili, mmoja juu na mmoja chini. Tuseme imetoka 388 chini na 412 juu. Mistari hii haipangwi na shefu kwa kupenda kwake. Ni kazi yenyewe inayosema: huku ndiko ninakotikisika nikiwa mzima. Imewekwa mbali kiasi kwamba kazi iliyotulia hutoa nukta nje ya mistari kwa nadra sana, kama mara tatu katika elfu.

Sasa siku ya 31 wastani ni 394. Je, umkemee mama aliyemimina siku hiyo? Hapana, maana 394 iko ndani ya kutikisika kwa kawaida. Ukimkemea, ataogopa, kesho atajaza zaidi, ifike 409, utamkemea tena, naye atapunguza. Hivyo kwa kurekebisha kila siku unaiongeza ile tofauti uliyotaka kuiondoa. Lakini siku ya 40 wastani ukiwa 375, simama. Hapo kuna sababu ya pekee: pengine mizani imeharibika, pengine kibao cha kukatia kimebadilishwa. Itafutwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajasahau.

Na kama akina mama hawaridhiki na kutikisika kati ya 388 na 412, kuwakemea watu hakutasaidia. Ni lazima kubadilisha namna yenyewe ya kazi, kwa mfano kununua kibao kizuri cha kukatia. Hilo liko mikononi mwa viongozi, maana wao ndio wanaoshika sanduku la fedha.

Ishikawa alisisitiza jambo hili kutokana na aliyoyaona viwandani. Alikadiria kwamba kazi inapoharibika, sehemu ya mfanyakazi wa chini ni kama robo moja au moja ya tano tu. Iliyobaki ni ya wakubwa na ya wale wanaopanga kazi.

Mchoro wa mwiba wa samaki

Jina la Ishikawa limeenea duniani kwa sababu ya mchoro mmoja. Aliutumia alipokuwa akiwaeleza wahandisi wa kiwanda cha chuma cha Kawasaki jinsi sababu nyingi zinavyoungana kuleta tokeo moja. Watu wa ziwa Kivu na ziwa Tanganyika wataufahamu mara moja, kwa maana unafanana na samaki aliyeliwa na kubaki miiba.

Kichwa cha samaki ni tatizo. Liandikwe kwa maneno ya wazi: "Sabuni haikauki." Uti wa mgongo unaingia kichwani. Kutoka kwenye uti, miiba mikubwa inakwenda juu na chini, kila mmoja kwa aina moja ya sababu. Kisha kwenye kila mwiba mkubwa unaweka miiba midogo kwa kuuliza: kwa nini? Kwa akina mama wetu inaweza kuwa hivi:

- Watu: je, wote walifundishwa kipimo kile kile, au kila mmoja ana mazoea yake?
- Mali: je, mawese yana maji ndani? Je, gunia la soda kostike liliachwa wazi? Soda hunyonya unyevu wa hewa na kupoteza nguvu.
- Vyombo: je, pipa linavuja? Je, mizani ni nzima?
- Njia ya kazi: je, walikoroga muda wa kutosha? Je, walikata mapema?
- Vipimo: je, soda inapimwa kwa mizani, au kwa kopo, siku moja likiwa limejaa na siku nyingine nusu?
- Mazingira: je, ni majira ya mvua? Je, hewa inapita mahali pa kukaushia?

Mchoro huu haufanywi na mtu mmoja ofisini. Watu wote wa kazi hiyo wanakaa pamoja, na kila mmoja anasema. Mama anayefagia anaweza kuwa ndiye peke yake aliyeliona gunia likiwa wazi.

Tena mchoro si hukumu. Ni orodha ya mashaka. Baada ya kuuchora, lazima kwenda kuangalia na kupima. Kundi la sabuni liliyotengenezwa kwa soda ya gunia lililofungwa liwekwe kando ya kundi la gunia lililokuwa wazi, kisha tuone. Ishikawa alitofautisha mambo matatu ambayo sisi huyachanganya: kuondoa dalili, kuondoa sababu, na kuondoa mzizi wa sababu. Kuanika tena sabuni laini juani ni kuondoa dalili. Kutupa soda mbovu ni kuondoa sababu. Kununua pipa lenye kifuniko na kuweka sheria ya kulifunga kila jioni ni kuondoa mzizi.

Vyombo saba kwa kila mtu

Ishikawa alikusanya vyombo saba vyepesi ambavyo mfanyakazi yeyote anaweza kujifunza: karatasi ya kuhesabia makosa kwa vijiti, mchoro wa Pareto, unaopanga makosa kutoka lile la mara nyingi hadi la mara chache ili uanze na kubwa, mwiba wa samaki, mchoro wa nguzo unaoonyesha vipimo vilivyotawanyika, mchoro wa nukta unaoonyesha kama mambo mawili yanakwenda pamoja, kutenganisha vipimo kwa makundi, kama kazi ya asubuhi na ya mchana, na grafu, pamoja na ile ya udhibiti.

Alisema kwamba kwa uzoefu wake, matatizo 95 kati ya 100 ya kampuni yanaweza kutatuliwa kwa vyombo hivi saba. Profesa wa chuo kikuu mashuhuri nchini mwake hakuona haya kufundisha kuhesabu kwa vijiti. Sisi tuliopita katika shule za theolojia tunaweza kujifunza hapo. Elimu isiyoshuka hadi kwa aliye mbele yetu haijamaliza safari yake.

Alifundisha pia kwamba udhibiti wa ubora huanza kwa elimu na huishia kwa elimu. Mzunguko wa kazi aliupanga kwa hatua sita: kuweka lengo, kuchagua njia ya kulifikia, kufundisha watu, kufanya kazi, kuangalia matokeo, na kurekebisha. Tazameni hatua ya tatu. Mara ngapi katika kazi zetu tunaruka kutoka mpango hadi kazi, halafu tunashangaa kwamba watu hawakufanya vile tulivyowaza?

Vikundi vya wafanyakazi

Mwaka 1962 JUSE ilianzisha gazeti la wasimamizi na wafanyakazi wa viwandani, liitwalo Gemba to QC. Neno gemba maana yake ni mahali kazi inapofanyika. Ishikawa alikuwa kiongozi wa waandishi wake, akataka bei iwe ndogo ili mfanyakazi aweze kulinunua kwa fedha yake mwenyewe. Gazeti liliwahimiza wasomaji kukutana katika vikundi vidogo, wasome pamoja na kutengeneza matatizo ya sehemu yao. Ndivyo vilivyozaliwa vikundi vya udhibiti wa ubora. Cha kwanza kuandikishwa, mwaka huo huo wa 1962, kilikuwa cha wafanyakazi wa shirika la simu, huko Matsuyama. Baadaye vikundi vilienea kwa maelfu ndani ya Japani na katika nchi nyingine. Kampuni ya Toyota ilipata Tuzo ya Deming mwaka 1965.

Ishikawa alishika sana kwamba kikundi kiwe cha hiari. Aliipinga njia ya Frederick Taylor wa Marekani, iliyotenga watu wa kufikiri na watu wa kutenda. Kwake, kumnyima mfanyakazi nafasi ya kufikiri ni kumdharau kama mtu.

Ni haki pia kusema kwamba hiari hiyo haikulindwa kila mahali. Katika viwanda fulani vikundi vilikuwa mzigo juu ya mzigo, mikutano baada ya saa za kazi bila malipo kamili. Mwaka 2007 mahakama ya Nagoya iliamua, katika kesi ya mfanyakazi wa Toyota aliyekufa kwa kuchoka kupita kiasi, kwamba saa za shughuli za kikundi cha ubora nazo zihesabiwe kuwa kazi. Jambo jema linaloitwa la hiari lakini asiyekuja anaangaliwa vibaya, si la hiari tena. Viongozi wa makanisa wanaelewa tunachosema.

Anayepokea kazi yako ni mteja wako

Kuna neno lingine la Ishikawa lililoenea. Mwaka 1950 alikuwa akisaidia kiwanda cha chuma ambamo kazi ilitoka sehemu moja ikiwa na kasoro na kuingia sehemu nyingine. Aliwaambia wale wa sehemu ya kwanza: nendeni mkawaulize wenzenu wanaopokea kazi yenu. Wakakataa, maana wakienda wangedhaniwa kuwa wapelelezi. Watu wa kiwanda kimoja walikuwa wakiishi kama maadui. Hapo ndipo alipoanza kufundisha kwamba sehemu inayofuata ni mteja wako. Yule anayepokea kazi yako, hata kama mnalipwa na kampuni moja, ana haki ya kupokea kitu kizuri na ya kukuambia kilichokosekana.

Alifanya kazi pia katika kuweka vipimo vya kitaifa na vya kimataifa, na aliiwakilisha Japani katika shirika la ISO. Alishughulikia namna ya kuchukua sampuli za vitu vinavyouzwa kwa wingi, kama mawe ya chuma na makaa ya mawe. Watu wa nchi yetu ya madini wajue uzito wa jambo hilo. Anayechagua jiwe la kupimwa ndiye anayeamua bei ya mzigo wote. Sampuli ikichukuliwa vibaya, hesabu iliyo sahihi itasema uongo.

Lawama yake juu ya mafundisho yetu

Sasa tufike kwenye neno zito tulilotaja mwanzoni. Mwaka 1981 Ishikawa alitoa kitabu chake kinachojulikana zaidi, juu ya udhibiti kamili wa ubora kwa namna ya Kijapani. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1985, na kinapatikana pia kwa Kifaransa. Ndani yake analinganisha viwanda vya Japani na vya nchi za Magharibi, na kati ya sababu za tofauti anataja dini. Anasema kwamba Ukristo unaonekana kufundisha kuwa mwanadamu ni mwovu kwa asili, na kwamba fundisho hilo la dhambi ya asili limewafanya viongozi wa Magharibi wasiwaamini watu wao. Kwa hiyo wanaweka wakaguzi wengi na kushika fimbo. Yeye alipendelea mawazo ya wazee wa China waliosema mwanadamu ni mwema kwa asili, na kwamba akifundishwa na kuaminiwa atafanya vema.

Je, tujibuje? Tusianze kwa hasira. Tuanze kwa kukubali kwamba ametushika mahali penye kidonda. Ni kweli kwamba mara nyingi tumelitumia fundisho la dhambi kwa upande mmoja. Tumelihubiri kwa mwenye jembe na kulisahau kwa mwenye kalamu. Mlinzi anapekuliwa kila jioni, lakini hesabu ya wakubwa haisomwi mbele ya mkutano. Fundisho likitumiwa hivyo, linageuka kuwa fimbo mkononi mwa mwenye nguvu.

Lakini Maandiko hayasemi hivyo. Paulo, akiwaandikia Warumi, hakuwatoa mashefu katika hesabu ya wenye dhambi. Kama sote tumeanguka, basi hata jicho la mkaguzi limeanguka. Linaona kosa la mtu asiyempenda na kufumbia la ndugu yake. Kwa sababu hiyo tunahitaji mizani, grafu na mashahidi wengi, kwa kuwa hakuna kati yetu anayeaminika kuhukumu kwa macho peke yake. Hapo fundisho letu na grafu ya udhibiti vinashikana mikono, jambo ambalo profesa hakuliona.

Tena Maandiko yanafundisha kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Yule mama anayekoroga sabuni ana akili aliyopewa na Muumba. Asipoulizwa neno, tunalizika talanta yake kwa mikono yetu.

Tunatofautiana na Ishikawa mahali pamoja. Kuna makosa ya kusudi. Kuna mwizi, na kuna mtu anayeharibu kazi akijua. Kutafuta sababu hakufuti toba wala wajibu. Ila hata hapo, baada ya kumrudi mwizi, tuulize pia kwa nini ufunguo wa sanduku ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja peke yake.

Neno kwa makusanyiko yetu

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake. Swali lao lilikuwa lile lile: ni nani? Bwana alikataa njia zote mbili walizompa, akamgeukia yule kipofu na kumsaidia.

Sisi wa mashariki tunajua swali la "ni nani" linavyoweza kuua. Mtoto anafariki, na badala ya kuuliza kama maji ya kunywa yalichemshwa, au kama homa ilipelekwa kwenye kituo cha afya siku ya kwanza au ya tano, watu wanatafuta mchawi. Mara nyingi anayeonyeshwa ni kikongwe asiye na mtetezi, au mtoto yatima. Anapigwa, anafukuzwa, wakati mwingine anauawa. Na maji yanabaki yale yale, na mtoto wa pili anafuata. Kanisa linalonyamaza hapo limeshiriki, na kanisa ambalo mtumishi wake ndiye anayewataja wachawi limeshiriki zaidi.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Katika mkutano ujao wa wazee wa kanisa, wa akina mama au wa vijana, chagueni tatizo moja tu: fedha zinazochelewa kufika, watoto wanaoacha shule ya Jumapili, sabuni isiyokauka. Chukueni karatasi kubwa, chora samaki, andikeni tatizo kichwani. Mwekeni sheria moja kabla ya kuanza, kwamba jina la mtu haliandikwi kwenye mwiba. Anayeketi nyuma aseme kwanza, na mchungaji aseme mwisho. Kisha chagueni sababu moja, mwende kuipima kwa mwezi mmoja, na kurudi.

Ishikawa alistaafu Chuo Kikuu cha Tokyo na mwaka 1978 akawa rais wa chuo cha uhandisi cha Musashi, mjini humo humo. Alifariki tarehe 16 Aprili 1989, akiwa na miaka 73. Mchoro wake unatumiwa leo viwandani, hospitalini na mashuleni katika mabara yote, na hauhitaji umeme wala fedha nyingi. Unahitaji karatasi, kalamu, na shefu anayekubali kuketi na kusikiliza. Hicho cha mwisho ndicho kigumu kupatikana, nasi wachungaji tuanze kujiuliza wenyewe.